Wewe Ni Nani Nyumbani Mwako?



Leo tuanze na swali dogo. Ukikutana na mgeni nje ya kanisa baada ya Misa, naye akakuuliza wewe ni nani, utamjibu nini? Wengi wetu tutasema: "Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi." "Mimi ni dereva wa matatu." "Mimi ni Mama Njeri." "Mimi ni mke wa yule fundi wa mbao." Majibu haya ni mazuri, tena ni ya kweli. Lakini yatazame kwa makini. Kila mojawapo laweza kuondoka. Kazi huisha. Gari huchukuliwa na mwenyewe. Watoto hukua wakaenda zao. Hata mume au mke aweza kutangulia kaburini. Je, siku jibu lako litakapoondoka, utabaki nani?

Usidhani kwamba swali hili ni la wasomi peke yao. Ni swali la jikoni na la chumbani. Ugomvi mwingi unaofikishwa kwa padre wa parokia, au kwa wazee wa jumuiya, huonekana kama ugomvi wa fedha, wa wakwe au wa pombe. Lakini ukichimba chini kidogo, mara nyingi utamkuta mtu anayeuliza kimoyomoyo: "Je, mimi nina maana yoyote katika nyumba hii?" Asipopata jibu la kweli, atalitafuta mahali pengine, na mara nyingi mahali pabaya.

Nyumba mbili

Tuchukue mfano wa nyumba mbili. Huenda unazijua. Huenda moja ni yako.

Katika nyumba ya kwanza, mume ameachishwa kazi kiwandani baada ya miaka 14. Alipewa barua na fedha kidogo, nazo fedha zikaishia katika karo na kodi ya nyumba. Sasa mkewe, anayeuza sukuma wiki na nyanya kando ya barabara, ndiye anayelisha watoto. Mke hajamtukana hata siku moja. Lakini mume akiwekewa sahani ya ugali mezani, anaona kama amewekewa hukumu. Mke akimwuliza, "Baba Otieno, umeshindaje leo?" yeye anasikia, "Umeshinda ukifanya nini leo?" Ameanza kutoka asubuhi na mapema na kurudi usiku, ili majirani wasimwone ameketi nyumbani mchana. Jumuiya ameiacha, kwa kuwa hana mchango wa kutoa. Na akiguswa kidogo tu, hupaza sauti. Mtu aliyepoteza heshima machoni pake mwenyewe huitafuta kwa nguvu machoni pa wengine.

Katika nyumba ya pili, mume na mke wamemaliza miaka 9 ya ndoa na hawajajaliwa mtoto. Mnajua desturi yetu: mwanamke akishajifungua huitwa kwa jina la mtoto wake. Katika jumuiya yao, huyu ni Mama Njeri, yule ni Mama Kamau, yule pale ni Mama Wambui. Zamu yake ikifika, watu husita kidogo, kisha husema, "na bibi ya fundi." Hakuna aliyekusudia kumwumiza, lakini yeye huumia. Kila Krismasi mama mkwe huuliza swali lile lile. Mumewe anampenda, lakini yeye hulala akijiuliza: "Atanivumilia mpaka lini?" Kwa hiyo hakatai kazi yoyote. Anafua, anapika, anawalea watoto wa shemeji, anavumilia maneno ya mawifi. Anaishi kama mpangaji asiye na kodi, ambaye mwenye nyumba aweza kumtoa wakati wowote.

Watu hawa wawili hawakutenda dhambi kwa kukosa kazi wala kwa kukosa mtoto. Huzuni yao pia si kosa. Kosa ni kwamba wote wawili wameipima thamani yao kwa kitu kisicho chao. Kazi ni baraka. Mtoto ni zawadi kubwa. Lakini zawadi ikifanywa msingi wa nyumba, nyumba huanguka siku zawadi isipokuja.

Daftari la parokia

Mnakumbuka mlipokwenda parokiani kuandikisha ndoa? Kila mmoja wenu alitakiwa kuleta cheti chake cha ubatizo. Hakuna aliyetakiwa kuleta hati ya mshahara. Hakuna aliyetakiwa kuleta uthibitisho kwamba atazaa. Mliulizwa kama mko tayari kuwapokea watoto ambao Mungu angewajalia. Kupokea ni jambo moja, na kuahidi kwamba watakuja ni jambo lingine. Hilo la pili hakuna binadamu awezaye kuliahidi.

Na baada ya arusi kuna jambo jingine, ambalo waumini wengi hawalijui. Sheria ya Kanisa (Kanuni ya 1122) inaagiza kwamba ndoa iandikwe si katika daftari la ndoa tu, bali pia katika daftari la ubatizo, mahali lilipo jina lako. Kama ulibatizwa parokia nyingine, habari hupelekwa huko ikaandikwe.

Hebu tafakari jambo hili. Ndoa yako imeandikwa kando ya ubatizo wako; ubatizo wako haukuandikwa kando ya ndoa. Kabla hujawa mke wa mtu, ulikuwa binti wa Mungu. Kabla hujawa mume na baba, ulikuwa mwana wa Mungu. Ndoa, kazi na watoto ni maneno mazuri yaliyoongezwa baadaye pembeni. Mstari wa kwanza ni ule ule. Kanisa hutufundisha kwamba ubatizo hutia rohoni alama isiyofutika, na ndiyo sababu mtu habatizwi mara mbili. Barua ya kuachishwa kazi haiwezi kuifuta alama hiyo. Ulimi wa wifi hauwezi. Hata dhambi, ijapoharibu mengi, haiwezi.

Wengi wetu tulibatizwa tungali wachanga. Tulikuwa hatujafanya kazi ya senti moja. Tulikuwa hatujui hata kusema asante. Mungu hakungoja aone tutafaa nini. Alituita wake bure.

Yuko mtakatifu mmoja wa Afrika aliyelielewa jambo hili kuliko wengi. Mtakatifu Yosefina Bakhita alizaliwa Sudan, yapata mwaka 1869. Alipokuwa mtoto mdogo alitekwa na wafanyabiashara wa watumwa, na kwa hofu kubwa iliyompata akalisahau jina alilopewa na wazazi wake. Waliomteka ndio waliompa jina Bakhita, neno la Kiarabu linalohusiana na neno letu "bahati". Aliuzwa mara kadhaa, akapigwa na kuchanjwa mwilini. Mwishowe alifikishwa Italia, na huko, mwaka 1890, akabatizwa. Miaka ya baadaye, akiwa mtawa, watu walimwona akilibusu lile bakuli la ubatizo, kwa kuwa alisema kwamba hapo ndipo alipofanywa binti wa Mungu. Mwanamke aliyenyang'anywa hata jina lake alijua yeye ni nani. Mwaka 2000 Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alimtangaza mtakatifu.

Jiwe na mkate

Sasa fungueni Injili ya Marko 1:9-11. Yesu anabatizwa na Yohane katika mto Yordani. Kufikia saa ile, Marko hajatuandikia hata muujiza mmoja wa Yesu, wala hotuba, wala mgonjwa aliyeponywa. Twamwona tu mtu aliyetoka Nazareti, kijiji kisicho na sifa. Hapo ndipo sauti ya Baba inasikika ikimwita Mwana mpendwa, anayempendeza. Angalieni mpangilio huo. Upendo wa Baba umetamkwa kwanza, kazi imefuata.

Kisha fungueni Luka 4:1-13. Yesu amefunga siku 40 na ana njaa. Shetani anakuja. Je, anaanza na jaribu gani? Haanzi na ulevi wala uzinzi. Anamwambia kwamba kama kweli ni Mwana wa Mungu, basi aliamuru jiwe liwe mkate. Mnaiona hila hiyo? Baba amekwisha kusema, lakini Shetani anataka ushahidi, na ushahidi anaoutaka ni mkate.

Ewe mume uliyeachishwa kazi, jaribu lako si geni. Kila asubuhi unasikia moyoni: "Kama wewe ni mwanamume kweli, lete mkate." Ewe mke usiye na mtoto, nawe unasikia: "Kama wewe ni mwanamke kweli, zaa." Sauti hiyo si ya Mungu. Mungu amekwisha kusema lake pale ulipobatizwa, wala haombi ushahidi.

Yesu hakuligeuza lile jiwe. Hakufanya hivyo kwa kudharau mkate, maana baadaye aliwalisha maelfu nyikani. Alikataa tu kuufanya mkate kuwa shahidi wa yeye ni nani.

Basi, je, mume aketi akunje mikono? La, hasha! Mtume Paulo aliwakemea Wathesalonike waliokaa bure bila kutaka kufanya kazi. Lakini Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, katika barua yake ya mwaka 1981 kuhusu kazi ya binadamu, alikumbusha kwamba kazi iko kwa ajili ya mtu, wala si mtu kwa ajili ya kazi. Anayejua kwamba ni mwana hutafuta kazi bila kuona haya. Leo aweza kusukuma mkokoteni, kesho akalima kibarua, kesho kutwa akamsaidia mkewe kubeba magunia ya sukuma wiki kutoka sokoni, wala asione kwamba amepungua. Anayejificha ni yule anayedhani kwamba kazi ndiyo iliyomfanya mtu.

Kwa habari ya watoto, Kanisa limesema wazi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1965 kuhusu Kanisa katika ulimwengu wa leo, ulifundisha kwamba ndoa hudumu na thamani yake yote hata pale watoto wanaotamaniwa sana wanapokosekana. Sheria ya Kanisa nayo yasema kwamba utasa hauizuii ndoa wala hauibatilishi (Kanuni ya 1084). Kwa hiyo anayemwambia mwanaye, "Mwache huyo, uoe mwingine atakayezaa," hasemi neno la Kanisa, hata kama yeye ndiye huketi kiti cha mbele kila Jumapili.

Machozi ya Hana

Pengine msomaji mmoja atasema: "Mimi sihitaji haya yote. Mume wangu akinipenda, inatosha." Dada yangu, soma kwanza Samweli wa Kwanza, sura ya 1.

Elkana alikuwa na wake wawili. Penina alikuwa na watoto, Hana hakuwa na mtoto. Kila mwaka walipokwenda kumwabudu Mungu huko Shilo, Penina alimchokoza Hana mpaka akalia na kukataa chakula. Elkana alimpenda Hana kwa dhati. Alimwuliza kwa nini analia, na kama yeye mumewe hakuwa bora kwake kuliko wana 10. Ni wake wangapi wangependa kusikia maneno kama hayo! Lakini Hana hakutulizwa nayo. Upendo wa Elkana haukuwa wa uongo. Ila hakuna mume aliyeumbwa aijaze nafasi ya Mungu.

Hana aliinuka, akaenda kuumwaga moyo wake mbele za Bwana. Kuhani Eli alimdhania kuwa mlevi, kisha akamwelewa na kumtakia amani. Sasa someni aya ya 18 polepole. Hana alikwenda zake, akala chakula, na uso wake haukuwa tena na huzuni. Alikuwa hajachukua mimba. Alikuwa hata hajarudi nyumbani kwake Rama. Samweli alikuja baadaye. Amani ilimtangulia Samweli.

Hapa tunajifunza jambo kubwa la ndoa. Anayemtaka mwenzake ampe thamani ambayo ni Mungu tu aitoaye, hugeuka kuwa mmojawapo wa watu wawili. Kwanza, aweza kuwa ombaomba: hutii kila neno, huvumilia hata uovu, mradi asiachwe. Pili, aweza kuwa mdai: kila siku hudai sifa, shukrani na mapenzi, wala hatosheki, na akikosa hununa au hupiga meza. Mke katika nyumba ya pili ameanza kuwa ombaomba. Mume katika nyumba ya kwanza ameanza kuwa mdai. Na wote wawili, bila kukusudia, wamempa mwenzao mzigo ambao mabega ya binadamu hayawezi kuubeba.

Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mke au mume anayejua kwamba ni mtoto wa Mungu hana haja ya kujitembeza ndani ya nyumba yake. Hupenda bila kuogopa, hukosolewa bila kuzimia, huomba msamaha bila kuona amekufa.

Mume aliyeiuza karakana yake

Wako watakatifu wawili ambao wanandoa yafaa tuwajue zaidi: Louis Martin na mkewe Zélie, wazazi wa Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu. Waliishi katika mji wa Alençon, Ufaransa. Katika ujana wao kila mmoja alitaka kuwa mtawa, na kila mmoja alikataliwa. Louis alirudishwa kwa sababu hakujua Kilatini. Walioana mwaka 1858. Louis alikuwa fundi wa saa. Zélie alikuwa na biashara ya lesi. Biashara ya mke ikastawi sana, hata mwaka 1870 Louis akaiuza biashara yake ya saa ili amsaidie mkewe katika ya lesi.

Wanaume wenzangu, hapo tungesema nini kule sokoni? "Amekaliwa!" Walizaa watoto 9 na kuwazika 4 wangali wadogo. Mwaka 1877 Zélie alifariki kwa saratani, na Teresa alikuwa na miaka 4 tu. Katika uzee wake Louis aliugua ugonjwa wa akili, akakaa hospitalini miaka kadhaa. Kukataliwa, kufanya kazi chini ya biashara ya mke, kufiwa, kuugua ugonjwa ambao watu huuonea haya: hakuna hata kimoja kilichompunguzia Mungu upendo wake kwao. Tarehe 18 Oktoba 2015, Baba Mtakatifu Fransisko aliwatangaza wote wawili pamoja kuwa watakatifu, mume na mke.

Kazi yako kwa mwenzako

Sasa tusikosee upande wa pili. Kama thamani yatoka kwa Mungu, je, maneno yangu kwa mwenzangu hayana kazi? Yana kazi kubwa. Wewe huwezi kumpa mwenzako thamani, lakini umewekwa karibu naye kuliko mtu mwingine yeyote ili umkumbushe. Sauti ya Mungu ni ya upole, na ya Shetani ina kelele. Mwenzako akishindwa kuisikia ile ya kwanza, wewe mrudie. Mnaweza kuanza wiki hii kwa mambo matano.

La kwanza, tafuteni tarehe za ubatizo wenu. Tazameni vyeti, au ulizeni ofisi ya parokia. Ziandikeni ukutani, na siku hiyo ikifika, salini pamoja na mpike chakula kizuri kidogo.

La pili, mwite mwenzako kwa jina lake la ubatizo angalau mara moja kwa siku, hata kama mmezoea kuitana Baba Fulani na Mama Fulani. Na katika jumuiya zetu, tumwite kwa jina lake yule ambaye hajajaliwa mtoto. Ana jina, na Mungu humwita kwa hilo.

La tatu, kila jioni mwambie mwenzako neno moja la shukrani lisilohusu fedha, kazi wala watoto. "Nilifurahi ulivyomsikiliza yule mzee leo." Siku za kwanza mtaona haya. Endeleeni.

La nne, semeni "fedha zetu". Aliyepata wiki hii asitembee kifua mbele, asiyepata asitambae. Ketini pamoja mpange matumizi, hata kama ni ya shilingi 300.

La tano, mlinde mwenzako mbele ya jamaa zako. Mume wa nyumba ya pili ndiye apaswaye kumwambia mama yake, kwa adabu: "Mama, jambo hili ni letu sisi wawili. Tafadhali usimsumbue mke wangu." Na hospitali waende wote wawili, maana kizuizi chaweza kuwa kwa mke, kwa mume, au kwa wote. Mume anayemtuma mkewe peke yake amekwisha kumhukumu.

Neno la tahadhari

Kujua thamani yako si kiburi. Mtoto wa Mungu hukiri makosa yake. Ndiyo maana twaenda kwenye Kitubio. Usimwambie mwenzako, "Mungu ananipenda nilivyo," ukiwa umefika nyumbani usiku wa manane umelewa.

Wala uvumilivu si kukubali kupigwa. Mahari ilikuwa shukrani na kifungo kati ya jamaa mbili. Haikuwa bei ya mtu. Hakuna mume aliyenunua mfano wa Mungu kwa ng'ombe au kwa fedha. Kanisa lamruhusu aliye hatarini aondoke akae mahali pa salama (Kanuni ya 1153), na nchini Kenya iko sheria ya mwaka 2015 inayomlinda mtu dhidi ya ukatili wa nyumbani. Ikiwa unapigwa, usinyamaze. Mweleze mtu unayemwamini, nenda hospitali, nenda polisi, mwone padre wako.

Turudi katika zile nyumba mbili. Huenda kazi ya kiwandani isirudi. Huenda mtoto asije. Hatuwezi kuwaahidi. Lakini yule mume aweza kurudi nyumbani mchana, akala ugali wa mkewe kwa shukrani, kisha akachukua mkokoteni wakaenda pamoja. Na yule mke aweza kusimama katika jumuiya, akalitaja jina lake mwenyewe kwa sauti inayosikika. Hapo mambo ya nje bado ni yale yale, lakini nyumbani pana watoto wawili wa Mungu badala ya ombaomba na mdai. Ndoa huanza kupona hapo.

Maswali ya kujadiliana

1. Nikikosa kazi yangu leo, ni nini nitakachoogopa zaidi kukisikia kutoka kwako?
2. Kuna wakati ambapo nimekufanya ujione huna maana katika nyumba hii? Nieleze, nami nitasikiliza bila kujitetea.
3. Kati ya ombaomba na mdai, mimi huelekea kuwa yupi? Na wewe je?
4. Ni ndugu yupi wa upande wangu ambaye napaswa kuzungumza naye ili wewe upate amani?

Sala ya mume na mke

Ee Baba mwema, ulituita kwa majina kabla hatujafanya lolote. Utusamehe kwa kuwa tumedaiana vitu ambavyo wewe peke yako wavitoa. Tunapokosa mkate, utukumbushe kwamba sisi ni wana. Tunapongoja mtoto, utukumbushe kwamba tumekwisha kupendwa. Uuweke ulimi wa kila mmoja wetu uwe mkumbushaji wa neno lako kwa mwenzake, leo na siku zote za ndoa yetu. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.